Songwe Ipi, Mdogo Wangu?

Wadogo zangu, tangu Jumatatu nina barua moja mezani, na nimeamua kuijibu hapa mbele ya wote kwa sababu najua wengi mnapita njia hiyohiyo kimyakimya. Ameandika mwalimu wa sekondari pale Tunduma. Ana shahada ya uzamili, ana watoto wawili, na hamu ya kusoma uzamivu ameibeba miaka sita. Chuo kimemtaka alete sinopsisi, yaani maelezo mafupi ya utafiti anaokusudia kufanya.

"Dada shikamoo," anaanza. "Nimeandika kurasa ishirini na tatu, nikazituma, zimerudi. Wanasema haieleweki nataka kutafiti nini. Naomba unielekeze namna ya kuipanga. Mistari iachane kiasi gani, namba za kurasa zikae wapi, marejeleo yawe ya mtindo gani?"

Marahaba, mdogo wangu. Kurasa zako nimezisoma zote. Mistari umeiachanisha vizuri, namba za kurasa zipo mahali pake, na hayo ya mpangilio nitayafikia. Lakini kilichoirudisha kazi yako kipo juu kabisa, kwenye kichwa: "Mchango wa Biashara ya Mipakani katika Maendeleo ya Mkoa wa Songwe." Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini nikakaa nikafikiri, maana na mimi nimewahi kuandika kichwa cha namna hiyo.

Sinopsisi yangu ya kwanza ilihusu kahawa na maisha ya wakulima wa Songwe kuanzia 2005 hadi 2015. Nilikuwa na uhakika nayo. Mimi ni mtoto wa Mbozi, kahawa nimeichuma kabla sijajua kusoma, na nilidhani hilo litaonekana lenyewe kwenye karatasi. Ilirudi baada ya miezi minne. Pembeni mwa kichwa palikuwa na maneno mawili kwa wino mwekundu: "Songwe ipi?" Basi. Hapakuwa na maelezo mengine wala mtu wa kunifafanulia. Nililia, nikakasirika, na zilipita wiki mbili kabla sijalitazama swali lenyewe kama swali.

Mkoa wa Songwe ulizaliwa 2016, ulipomegwa kutoka Mbeya. Ina maana miaka yote niliyotaka kuitafiti, mkoa huo haukuwepo. Takwimu nilizozipanga kwa fahari kwenye jedwali zilikuwa za Mkoa wa Mbeya mzima, na kahawa ya Rungwe imo ndani. Sensa ya 2012 ukiifungua, Mbozi, Ileje na Momba utazikuta Mbeya. Sensa ya 2022 ndiyo ya kwanza kuuhesabu Songwe kama mkoa, na ikakuta watu zaidi ya milioni 1.3. Anayechora mstari mmoja kutoka 2012 hadi 2022 na kuuita "ongezeko la watu Songwe" bila kueleza alivyotenganisha hesabu hizo, anajenga juu ya mchanga, na msomaji makini atauona mchanga huo kwenye ukurasa wa pili.

Na jina hilo si la mkoa peke yake. Kuna Wilaya ya Songwe ndani ya Mkoa wa Songwe, makao yake Mkwajuni, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Chunya. Kuna Mto Songwe unaotutenga na Malawi, na upo Mto Songwe mwingine unaomwaga maji yake Ziwa Rukwa. Uwanja wa ndege wa Songwe, ule tunaoshukia tukitoka Dar, uko Mkoa wa Mbeya. Tunduma yenyewe ni halmashauri ya mji ndani ya Wilaya ya Momba, na Momba ilitoka tumboni mwa Mbozi. Sisi tuliozaliwa huku hatujiulizi, tunajua mtu anasema nini. Anayesoma sinopsisi yako yuko Dar es Salaam, Morogoro au Dodoma, na pengine Tunduma hajawahi kufika. Andika mahali kwa jina la halmashauri, ikiwezekana kata na mtaa, kisha weka aya moja ya kueleza mipaka ya eneo hilo ilibadilika lini na wewe utazisomaje takwimu za kabla na za baada. Aya hiyo moja itamwonyesha msomaji kwamba unajua unapokanyaga.

Sasa kuhusu upana. Mdogo wangu, sinopsisi ni ahadi, na ahadi hiyo unaitoa wewe mtu mmoja mwenye vipindi vya kufundisha, watoto na mshahara wa mwalimu. "Maendeleo ya mkoa" ni kazi ya wizara. Wengi wetu tunaogopa kuchagua kitu kidogo kwa kudhani uzamivu unataka kitu kikubwa. Ngoja nikupe mfano wa huku kwetu. Mwaka 2019 wataalamu wawili, Eric Gorscak na Patrick O'Connor, walitangaza aina mpya ya dinosaria aliyefukuliwa Mtuka, bonde la Rukwa. Wakampa jina la Kiswahili kabisa: Mnyamawamtuka moyowamkia. Moyo wa mkia, kwa sababu pingili mojawapo ya mkia wake ina umbo la moyo. Walimchimba kwa misimu kadhaa, na kati ya yote waliyoyaona kwa mnyama mkubwa namna ile, nusu ya jina lake ilitoka kwenye pingili ya mkia. Nataka utafute pingili yako.

Nadhani unayo tayari, ila umeificha. Ukurasa wa kumi na saba, aya ya mwisho, umeandika kana kwamba ni jambo la pembeni: akina mama wanaovusha mchele kwenda Nakonde, upande wa Zambia, hupanga bei asubuhi baada ya kupita kwanza kwa wabadilisha fedha. Niliisoma mara tatu. Mama anauza kwa kwacha, anamlipa mkulima wa Kamsamba kwa shilingi, na faida yake ya siku inaweza kuliwa katikati ya fedha hizo mbili bila yeye kukosea chochote. Anaamuaje? Anamsikiliza nani? Siku kwacha ikianguka saa nne asubuhi, mzigo ukiwa umeshavuka, hasara anaibeba nani? Hilo ndilo tatizo la utafiti, na umelifikia kwa macho yako mwenyewe kabla hujasoma kitabu. Libebe kutoka ukurasa wa kumi na saba uliweke ukurasa wa kwanza.

Tukiligeuza kuwa kichwa, linaweza kusomeka hivi: "Upangaji wa Bei kwa Fedha Mbili: Wanawake Wauza Mchele wa Rejareja kati ya Tunduma na Nakonde, 2019–2024." Sasa msomaji anajua nani, nini, wapi na lini, ila kila neno hapo lina deni lake. Kwa nini 2019? Kwa sababu Oktoba mwaka huo Marais Magufuli na Lungu walizindua Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani, na utaratibu wa kuvuka ukabadilika. Vizuri. Ila ukishachagua 2019 umejichukulia na 2020, na Mei 2020 Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde kwa muda kwa ajili ya uviko. Huwezi kuiruka miezi hiyo. Sema mapema kama utaichambua peke yake au utaiweka kando, na kwa sababu gani. Ukitamani kurudi nyuma zaidi, kumbuka Januari 2013 Zambia ilifuta sifuri tatu kwenye fedha yake, 1,000 za zamani zikawa 1. Bei za 2012 na za 2014 hazikai kwenye jedwali moja mpaka uzigeuze.

Andika tamko la tatizo kwa Kiswahili kwanza, hata kama sinopsisi itakwenda kwa Kiingereza. Nimeona wengi wakianzia kwenye Kiingereza, maneno yanakuja yenyewe, yamepangana vizuri, na hayamgusi mtu yeyote anayeishi Sogea wala Mpemba pale Tunduma. Kwa Kiswahili huwezi kujidanganya kirahisi. Aya moja, sentensi sita au saba: hali ikoje, inamuumiza nani, waliotangulia wameeleza nini, kipi bado hakijaelezwa, na wewe utafanya nini. Ikishasimama, ndipo uitafsiri.

Hapo kwenye "waliotangulia" pana mtego. Umeandika kwamba hakuna utafiti wowote uliowahi kufanyika kuhusu biashara ya mpaka wa Tunduma. Mdogo wangu, sentensi hiyo ifute leo. Mnakijua kimondo cha Mbozi, pale Ndolezi. Vitabuni utakuta kiligunduliwa mwaka 1930. Lakini wenyeji walikuwa wanapita karibu na chuma kile miaka mingi kabla ya hapo, wana jina lake na wana miiko yake. Aliyeandika "kiligunduliwa" alimaanisha yeye hakuwa amekisikia. Nawe ukisema hakuna utafiti, mara nyingi unamaanisha hujautafuta. Ingia kwenye hazina za tasnifu za vyuo vyetu mtandaoni, za Dar es Salaam, Mzumbe, Sokoine, Huria, kisha vuka mpaka uangalie na Chuo Kikuu cha Zambia. Tafuta Namanga, Busia, Kasumulu, Mutukula. Watu wameandika sana juu ya wanawake wa mipakani. Pengo lako utalionyesha kwa kumtaja mtu na kazi yake: huyu alitazama ushuru, yule alitazama usalama, huyu alipima faida kwa shilingi tu kana kwamba hakuna kwacha. Pengo linaonekana pale kuta zake zinapoonekana.

Malengo yawe lengo kuu moja na mahususi matatu, manne yakizidi sana. Vitenzi viwe vya kazi inayoweza kukaguliwa: kubainisha, kulinganisha, kupima, kueleza. "Kuhamasisha" na "kuboresha" ni vya mradi, viache huko. Na kila lengo liwe na njia yake huku chini kwenye mbinu. Chukua kalamu na rula, vuta mstari kutoka lengo la kwanza mpaka mahali unaposema utalikusanyia data vipi. Mstari ukikosa pa kushukia, lengo hilo halina mwenyewe.

Kwenye mbinu ndiko nitakakokaa kidogo, kwa sababu ndiko mwenyeji anakoweza kumshinda kila mtu, na ndiko wenyeji wengi tunakolala. Umeandika kwamba utarekodi "bei ya mchele kwa kilo." Mwezi uliopita nilisimama kwa mama mmoja sokoni Tunduma, mezani kwake pana mizani imefunikwa kitambaa na sado mbili za plastiki. Katika saa nzima niliyokaa hakuna aliyeuliza kilo. Walisema sado, nusu sado, debe. Mama anachota, anatikisa mara moja mchele ushuke, anaongeza kwa kiganja mpaka kichuguu kisimame juu, na kile kiganja cha mwisho ndicho mteja anachokiangalia. Mteja wa jumla kutoka ng'ambo alipofika, kichuguu kikafutwa kwa ukingo wa kiganja. Bei ilibaki ileile, kipimo kilibadilika. Sasa dodoso lako la kilo litaona nini hapo? Litaona bei haikupanda siku ile. Andika kwenye sinopsisi kwamba utapima sado za wauzaji kwa mizani, mara ngapi na kwa wauzaji wangapi. Mtu wa Dar hawezi kuliwaza hilo, wewe unaweza, na kamati ikilisoma itajua huyu anajua anachokiendea.

Na lugha. Kinyamwanga kinazungumzwa pande zote mbili za mpaka, na kuna mambo ambayo mama atakwambia kwa Kinyamwanga na hatakwambia kwa Kiswahili. Sema mahojiano yatakuwa kwa lugha gani, nani atatafsiri, na tafsiri itahakikiwa vipi.

Sehemu ya maadili usiijaze maneno ya kunakili, nakuomba. Baadhi ya akina mama hao hupita njia za panya. Jina lake likikaa kwenye daftari lako, na daftari likaangukia mikononi mwa mtu mwingine, umemponza mtu aliyekukaribisha akakupa kigoda ukae. Andika wazi: majina hayatarekodiwa, kila mtu atapewa namba, hakuna picha za nyuso, sauti zitafutwa zikishanukuliwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, itaje na uifuate. Kama utafiti wako ungegusa afya ungehitaji pia kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba.

Vibali navyo viwemo kwenye ratiba, kwa sababu vinakula wiki. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, Vwawa, inashuka wilayani, inafika kwa Mkurugenzi wa halmashauri, ndipo watendaji wa kata na mitaa. Na kibali cha Tanzania kinaishia getini. Ukivuka kuhoji wanunuzi Nakonde, umeingia nchi nyingine yenye utaratibu wake. Kama huna muda wala fedha za kuufuata, mahojiano yako yabaki upande wa Tunduma, nawe ueleze kwamba hivyo ndivyo ulivyoamua. Hakuna aibu. Nchi hizi mbili pia haziko kwenye jumuiya zilezile: sote tumo SADC, Zambia imo COMESA na sisi tulitoka mwaka 2000, sisi tumo Afrika Mashariki na wao hawamo. Mstari mmoja wa hilo kwenye usuli unatosha.

Ratiba yako umeweka kukusanya data Januari hadi Machi. Ni masika, mdogo wangu. Mashamba yanalimwa, barabara za bondeni Momba unazijua, na mchele mpya bado. Kama hujakusudia kuutafiti msimu wa ukame wa mzigo, sogeza mbele. Bajeti ipange vivyo hivyo, kwa nauli halisi na chakula halisi, pamoja na siku za kulala Vwawa ukisubiri sahihi.

Sasa uliyoyauliza. Kitu cha kwanza kabisa, tafuta mwongozo wa chuo chako, toleo la sasa, uuchapishe, uupigie mistari. Kila chuo kina wake, na idara nyingine zina nyongeza zao. Hata jina linatofautiana: huku wanasema sinopsisi, kule andiko dhana, kwingine sinopsisi ni muhtasari unaotoa mwishoni kabla ya kuwasilisha tasnifu. Uliza kabla ya kuandika. Kwa kawaida utakuta wanataka karatasi ya A4, fonti moja ya ukubwa wa 12, nafasi ya mstari mmoja na nusu au miwili, pambizo la kushoto pana kuliko mengine ili kazi ikijalidiwa maneno yasimezwe. Kurasa za mwanzo zinahesabiwa kwa Kirumi, utangulizi unaanza na 1. Idadi ya maneno wakiitaja, iheshimu. Kurasa ishirini na tatu pale walipotaka kumi na tano ni sababu tosha ya kukurudisha.

Vichwa vya sehemu usivikoleze kwa mkono kimoja kimoja. Tumia mitindo ya vichwa iliyomo ndani ya programu ya kuandikia, yaliyomo yatajipanga yenyewe, na ukihamisha sehemu namba zinafuata. Marejeleo nayo yaachie Zotero, ni ya bure. Ila hakikisha toleo: wengi wanaosema "APA" wanakumbuka la sita, ambalo jina la mchoro lilikaa chini ya mchoro. Toleo la saba lilitoka mwishoni mwa 2019, na humo jina linakaa juu, kama la jedwali. Mkaguzi anayeona michoro mitatu ya zamani na miwili ya kisasa anajua umekusanya kutoka kwa watu watano.

Na usipeleke faili la kuandikia steshenari ukafungulia huko. Nimemwona dada mmoja pale Majengo, siku ya mwisho ya kutuma, flashi yake ikafunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti yake. Majedwali yakavunjika, ukurasa wa sahihi ukaangukia katikati ya marejeleo, na nyuma yake foleni ya watu wanataka kutoa kopi za vitambulisho. Alitetemeka mikono. Geuza kazi yako kuwa PDF ukiwa nyumbani, ifungue kwenye simu uikague ukurasa kwa ukurasa, ndipo utoke.

Msimamizi utampata kwa kusoma, ukijua nani ameandika nini. Mtumie aya ile moja ya tatizo, si kurasa zote, ukitaja kazi yake moja uliyoisoma na mahali inapokutana na swali lako. Akikaa kimya wiki tatu, mkumbushe kwa heshima. Akikaa kimya tena, andikia mwingine.

Mwalimu wangu wa Tunduma nilimtumia sehemu kubwa ya haya kabla ya kuyaandika hapa. Jana usiku amenirudishia aya yake mpya, ya Kiswahili, sentensi saba. Inaanza na mama anayechota sado moja ya mchele alfajiri kabla hajajua kwacha imeamkaje. Nimemrudishia na swali moja tu pembeni: sado hiyo imefutwa, au ina kichuguu?